Vina, Mizani na Kiitikio: Historia Fupi ya Sheria za Shairi la Kiswahili

Utangulizi

Katika masomo ya liturgia na muziki wa kanisa huzuka mara kwa mara swali moja: je, mtu anayetunga wimbo kwa ajili ya ibada analazimika kufuata vina na mizani? Wako wanaojibu kwamba sheria hizo ni urithi wa wazee wa pwani, nazo hazimhusu Mkristo wa bara. Wako pia wanaojibu kwamba utungo usio na vina ni maneno matupu, usistahili hata kuitwa utungo. Majibu yote mawili yametolewa kwa haraka, kwa maana hayajauliza kwanza sheria hizo zilitoka wapi, ziliwekwa na nani, na zilikusudiwa kufanya kazi gani.

Katika makala haya tunakusudia kuifuata historia hiyo kwa ufupi. Hatutashughulika na tenzi ndefu, ambazo zina njia yake. Tutashughulika na shairi fupi la beti chache, lile ambalo watu wa pwani waliliimba barazani na ambalo baadaye lilijaza kurasa za magazeti. Tutaonyesha kwamba sheria za shairi zilitangulia kitabu cha sheria. Kwamba katika asili yake zilikuwa mapatano kati ya mtunzi na wale wanaomwitikia. Na kwamba jambo hili linatuhusu sana sisi ambao kila Jumapili tunawaweka watu maneno vinywani mwao.

Sheria zenyewe

Kabla ya historia, yatupasa kukumbushana sheria zenyewe. Ubeti wa shairi lililozoeleka zaidi, liitwalo tarbia, una mishororo minne. Kila mshororo hugawanyika vipande viwili, na kila kipande huwa na mizani minane, hivyo mshororo mzima huwa na mizani kumi na sita. Kipande cha kwanza kina kina chake, ambacho ndicho kina cha kati, na kipande cha pili kina kina cha mwisho. Mishororo mitatu ya kwanza hushirikiana vina hivyo. Mshororo wa nne huitwa kituo. Ukirudiwa vilevile katika kila ubeti, huitwa kiitikio au kibwagizo.

Mizani huhesabiwa kwa silabi jinsi zinavyotamkwa, wala si kwa herufi. Neno "mtu" lina mizani miwili, kwa sababu ile "m" husimama peke yake. "Nchi" nalo lina miwili, na "mlango" lina mitatu; lakini "ng'ombe", ijapokuwa lina herufi nyingi, lina miwili tu. Mwenye sikio zuri hahitaji vidole vya kuhesabia.

Tarbia si umbo pekee. Ubeti wa mishororo miwili huitwa tathnia, wa mitatu tathlitha, na wa mitano takhmisa. Katika takhmisa, mtunzi aweza hata kuchukua mishororo ya mshairi aliyemtangulia na kuiongezea yake, hata wawili hao wakawa ndani ya ubeti mmoja. Liko pia pindu, ambalo maneno ya mwisho wa ubeti mmoja huwa ndiyo mwanzo wa ubeti ufuatao, kama pete za mkufu. Vina vikiwa vilevile tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho, shairi huitwa mtiririko. Kina kimoja kikidumu na kingine kikibadilika, ni ukara. Vyote vikibadilika kutoka ubeti hadi ubeti, ni ukaraguni. Juu ya hayo yote iko sheria ya utoshelezi: kila ubeti sharti utimize maana yake, hata ukisomwa peke yake ueleweke.

Kwa ajili ya mfano tu tumetunga ubeti huu, ili msomaji aweze kupima mwenyewe:

Mtunzi shika mizani, upime neno kwa neno,
Usitoke hadharani, ukaleta mtengano,
Vina vishikane ndani, kama vidole vitano,
Ubeti ni mapatano, ya mwimbaji na wendani.

Msomaji ataona kwamba katika mshororo wa nne vina vimebadilishana mahali: kile cha mwisho kimekuja kati, na kile cha kati kimekwenda mwisho. Badiliko hilo ni ishara kwa sikio kwamba ubeti umefika mwisho, na kwamba wasikilizaji sasa waweza kupokea.

Tena sheria hizo zina huruma yake. Mtunzi ameruhusiwa kulifupisha neno, na hiyo ndiyo inkisari. Ameruhusiwa kulirefusha, na hiyo ni mazida. Ameruhusiwa pia kubadili sauti ya neno pasipo kubadili hesabu ya mizani, na hiyo huitwa tabdila. Aliyetunga bila kutimiza vina au mizani, utungo wake uliitwa guni. Jina hilo lilikuwa la aibu kidogo, lakini lilikuwa pia jina la kufundishia: mtu aliambiwa kwamba shairi lake ni guni ili akalirekebishe.

Sheria kabla ya kitabu

Hakuna ajuaye siku ambayo sheria hizo zilianza, kwa sababu hazikuanza kwa siku moja. Tunachoweza kusema ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 zilikuwa zimekwisha kukomaa. Shahidi wetu mkuu ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye wataalamu wanakadiria kwamba aliishi kati ya mwaka 1776 na mwaka 1840. Kabla yake, tungo nyingi zilizohifadhiwa zilikuwa za dini, nazo ziliandikwa na watu wa elimu. Muyaka alilichukua shairi la mishororo minne akalitumia kwa mambo ya mji: mapenzi, njaa, biashara, urafiki uliovunjika, na zaidi ya yote siasa. Aliishi zama ambazo Mombasa ya Wamazrui ilikuwa ikishindana na Lamu, na baadaye na Seyyid Said, aliyeitwaa Mombasa mwaka 1837. Watawala waliposhindana kwa majahazi na bunduki, washairi walishindana kwa beti. Kwa upande wa Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mngumi, naye alijibizana na watu wa Mombasa kwa mashairi.

Hapa ndipo tunapoiona kazi ya sheria. Mtu aliyerushiwa shairi alitazamiwa kulijibu, na kujibu kwa umbo linalokubalika. Watu wa mji walikuwa waamuzi. Kama vina vyake vilipotea, alikuwa ameshindwa, hata kama hoja yake ilikuwa na nguvu. Vina na mizani vilisaidia pia shairi kusafiri bila karatasi: anayelikariri akikosea neno, mizani humshtaki papo hapo, naye hujirudi. Sheria zilikuwa kumbukumbu ya jamii na uwanja wa haki wa majibizano. Hakukuwa na kitabu, wala hakikuhitajiwa, kwa sababu kila aliyekuwapo barazani alikuwa ameyabeba masikioni.

Wamisionari na daftari

Wasomaji wa jarida hili watapenda kujua kwamba wamisionari wana sehemu katika habari hii. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alipeleka Ujerumani miswada ya tungo za Kiswahili. William Ernest Taylor, mmisionari wa Kianglikana aliyekaa Mombasa katika miaka ya 1880, alikusanya mashairi ya Muyaka kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa aliyeyajua kwa moyo na aliyeweza kueleza maana za maneno ya kale. Kutokana na mkusanyo huo William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Mwaka huohuo Ernst Dammann, mchungaji wa Kijerumani aliyefanya kazi ya misioni Tanga katika miaka ya 1930, alitoa mkusanyo wa tungo za lahaja ya Lamu.

Tunapaswa kuwashukuru kwa kazi hiyo. Hata hivyo kuna jambo la kushangaza ambalo historia ya kanisa haiwezi kulifumbia macho. Misheni zilizohifadhi mashairi ya pwani katika makabati hazikuyatumia kama kielelezo cha nyimbo za ibada. Wakristo walipewa tenzi na zaburi zilizotafsiriwa kwa kufuata lahani za Ulaya. Daftari la mtaalamu na kitabu cha nyimbo cha kanisa vilikaa nyumba moja bila kuamkiana. Tutalirudia jambo hili.

Kitabu cha mwaka 1954

Badiliko kubwa lilikuja pale shairi liliposafiri kutoka pwani kwenda bara. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na watu wa makabila mengi wakaanza kutuma tungo zao. Walikuwa walimu, makarani na watu wa misheni ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pili. Wengi wao hawakukulia barazani Mombasa wala Lamu. Sikio lililowafundisha Waswahili wa pwani tangu utoto, wao hawakuwa nalo. Walilisoma shairi kwa macho kabla ya kulisikia.

Ndipo Kaluta Amri Abedi alipoandika kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotolewa mwaka 1954. Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa sheikh wa jumuiya ya Ahmadiyya. Baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, na Waziri katika serikali ya nchi huru, hadi alipofariki mwaka 1964. Yeye mwenyewe, basi, alikuwa mtu wa bara, wa mwambao wa ziwa Tanganyika. Alishika msimamo kwamba shairi ni wimbo, na kwamba lisiloimbika limekosa sifa ya kuitwa shairi. Kutoka hapo vina na mizani vilifuata kama matokeo ya lazima.

Mara nyingi kitabu hiki husemwa kana kwamba ndicho kilichozifunga pingu tungo za Kiswahili. Sisi tunakiona kwa namna nyingine. Kiliandikwa ili kuwafungulia mlango watu ambao hawakuzaliwa ndani ya nyumba. Jambo lililokuwa siri ya masikio ya wachache lilifanywa kuwa somo linaloweza kufundishwa kwa yeyote. Mwaka 1959 kilianzishwa chama cha UKUTA, cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi, na mmoja wa viongozi wake maarufu akawa Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki wa Dodoma, aliyezitia Injili katika utenzi mwaka 1963. Sheikh wa Ujiji na Mkristo wa Ugogo waliongea lugha moja ya vina. Mapatano ya baraza moja yakawa mapatano ya taifa.

Lakini hapo pia pana hatari yake. Sheria iliyoandikwa huweza kujitenga na sikio lililoizaa. Mtu aweza kuhesabu kumi na sita kwa vidole, akapanga vina vyake kama matofali, na asiwe na neno la kusema. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kueneza siasa ya nchi, na Mnyampala akaieneza ngonjera, yaani shairi la majibizano mbele ya hadhara. Zilitungwa ngonjera njema, lakini zilitungwa pia nyingi ambazo uzuri wake ulikuwa hesabu tu.

Mgogoro na maana yake

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe, alitoa diwani yake Kichomi, iliyokuwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mwaka 1979 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakiutetea ushairi usiofungwa na kanuni hizo. Wazee wa vina walisema haya si mashairi, ni insha zilizokatwakatwa. Vijana walisema wazee wanaabudu ganda na kusahau kiini. Mabishano yalijaa madarasani na magazetini.

Katika zama hizohizo kulikuwa na ushahidi mwingine. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa na serikali ya Kenya tangu mwaka 1969 hadi mwaka 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, alitunga mashairi gerezani akiyaandika kwa siri katika karatasi za chooni. Diwani yake, Sauti ya Dhiki, ilitolewa mwaka 1973, na humo alishika sheria za wazee wake. Mtu aliyenyang'anywa uhuru wote hakuziona vina na mizani kuwa minyororo mingine. Kwa njia ya umbo ambalo watu wake walilijua, aliendelea kusimama kati yao ijapokuwa alikuwa amefungiwa peke yake.

Je, tuseme basi kwamba Kezilahabi alikosa? Sivyo. Tukitazama vizuri, mabishano yale hayakuhusu hesabu ya silabi bali makao ya shairi. Kwa Amri Abedi shairi linakaa kinywani: huimbwa na mmoja, hupokewa na wengi. Kwa Kezilahabi shairi linakaa kwenye karatasi: husomwa na mtu mmoja akiwa kimya, naye hurudi juu ya mstari na kuutafakari. Anayesoma peke yake hahitaji ishara ya kumwambia ni lini apokee, kwa maana hapokei kwa sauti. Lakini wanaoimba pamoja wanaihitaji ishara hiyo. Mwalimu Nyerere alilifahamu jambo hili kwa matendo. Alipomtafsiri Shakespeare mwaka 1963, alitumia mistari isiyo na vina. Lakini alipotaka Injili na Matendo ya Mitume vikaririwe na watu, alivitunga kwa utenzi, vikatolewa mwaka 1996. Mtu mmoja, njia mbili, kwa sababu kazi zilikuwa mbili.

Kanisa na kinywa cha ushirika

Sasa turudi kanisani. Martin Luther alipoanza kutoa nyimbo za Kijerumani, mwaka 1523 na 1524, alitafuta maneno mepesi ambayo watu wa kawaida wangeweza kuyaimba. Mwaka 1525 aliandika kwamba maneno, lahani, na mkazo wa sauti sharti vitoke katika lugha ya mama yenyewe, la sivyo ni kuiga tu kama nyani. Neno hilo lilielekezwa kwa waliotia maneno ya Kijerumani katika lahani za Kilatini. Lingeweza kuelekezwa kwetu pia.

Tazama jinsi nyimbo zetu nyingi za tafsiri zilivyo. Idadi ya silabi mara nyingi imetimia, kwa hiyo macho hayaoni kosa. Lakini Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na lahani nyingi za Ulaya humalizia mstari kwa silabi nzito. Basi neno "Bwana", ambalo kila mtoto husema kwa mkazo wa mwanzo, huimbwa kwa mkazo wa mwisho, na neno "neema" hunyoshwa mahali pasipo pake. Mizani imetimizwa na sikio limeumizwa. Washarika wamezoea, nasi twazipenda nyimbo hizo. Lakini mazoea si sawa na mapatano.

Historia yetu wenyewe inaonyesha kwamba njia nyingine iliwezekana. Katika miaka ya 1960, pale Chuo cha Theolojia Makumira, Howard Olson alikusanya na kuhimiza nyimbo za lahani za Kiafrika, na mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi, alitunga wimbo wa Pasaka kwa lahani ya Kihaya ambao sasa huimbwa katika makanisa ya mabara mengi. Wimbo huo una beti na kiitikio: mmoja asimulia habari za kaburi, wote wajibu kwa furaha. Hautafuti mizani kumi na sita ya Mombasa, lakini umeshika kile kilichokuwa ndani ya sheria ya Mombasa, yaani kwamba umati una sehemu yake na unaijua sehemu hiyo wakati inapofika.

Hitimisho

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 7, lafundisha kwamba kwa umoja wa kanisa yatosha kukubaliana katika Injili na sakramenti, wala si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Sheria za ushairi ziko katika fungu hilo la desturi. Hakuna mtu anayehesabiwa haki kwa vina, wala hakuna anayehukumiwa kwa guni. Lakini tulifundishwa vilevile kwamba uhuru wa Mkristo ni uhuru wa kumtumikia jirani, na jirani wa mtunzi wa nyimbo za ibada ni yule mama wa kiti cha nyuma asiye na kitabu, au mzee ambaye macho yake hayaoni tena maandishi. Huyo ataimba tu kile ambacho sikio lake laweza kukishika.

Kwa hiyo tungependa wanafunzi wetu wajifunze tarbia, tathlitha na pindu kwa bidii ileile wanayojifunza sarufi ya Kiyunani, hata kama hawatazitumia daima. Ajuaye sheria aweza kuiacha kwa sababu. Asiyeijua huiacha kwa kutojua, na gharama hulipwa na ushirika. Mwenye kutunga kwa ajili ya kusomwa faraghani ana uhuru wote wa Kichomi. Mwenye kutunga kwa ajili ya ibada na ajiulize maswali matatu kabla ya kuukabidhi wimbo wake kwa kwaya: je, mkazo wa maneno umekaa mahali pake? Je, ubeti mmoja ukiimbwa peke yake kando ya kaburi utatosheleza? Na je, watu watajua bila kuambiwa ni wakati gani wa kupokea? Akijibu ndiyo kwa yote matatu, amewatendea haki wazee wa barazani, iwe amehesabu kumi na sita au hakuhesabu.